Nyumba ya Mwenye Kesi

Jumatatu, 12 Januari

Nimeamka saa kumi na moja. Treni ya kwanza imefutwa, nikapanda basi. Baridi ya kukata masikio. Lifti ya jengo la Bwana Harold, mgonjwa wangu wa kwanza, bado mbovu, nimepanda ngazi hadi ghorofa ya sita. Nimemkuta ameloa. Nimemwosha, nimembadilishia shuka, nimempa uji. Siku nyingine huniuliza kama mvua inanyesha. Leo hakusema neno.

Halafu Bi. Jean. Halafu yule mama wa Kigiriki anayenichukia. Chakula cha mchana nimekula kituoni Edmonton Green nikiwa nimesimama, kiazi na yai. Hapo ndipo nilipofungua barua pepe.

Imetoka nyumbani. Tume ya kuchunguza mwenendo wa Jaji Elikana. Wananitaka kama shahidi, kwa njia ya video. Wana majina yangu yote matatu, Salome na la baba na la babu. Wanataka kujua Jaji alilala wapi zile wiki mbili alizokaa London miaka minane iliyopita, wakati kesi ya Lwesa ikingoja hukumu.

Nimeizima simu. Nimerudi kwa Bi. Jean kumlisha. Supu ikamwagika kifuani kwake. Akanitazama tu.

Naogopa. Niandike hivyo, yaishe.

Jumatano, 14 Januari

Sijawajibu. Niandike mambo yalivyokuwa kabla sijaanza kuyapamba.

Kwa miaka tisa nilikuwa msaidizi wa Jaji Elikana katika mahakama ya juu kabisa ya nchi yetu. Nilimtafutia sheria, nilimsomea majalada, nilimchapia rasimu. Kila ninachokijua katika sheria nimekipata kwake. Aliniambia hukumu inaandikwa kwa ajili ya aliyeshindwa, maana aliyeshinda hata haisomi. Nilimpenda kama baba. Bado nampenda.

Kesi ya Lwesa ilikuwa ya ardhi. Upande mmoja wanakijiji wa bonde la Lwesa, upande wa pili kampuni ya miwa. Ilisikilizwa siku nne, ikabaki hukumu. Jaji akaja London kutibiwa goti. Siku tatu za kwanza alikaa mtaa wa Barking, kwa mpwa wake, Dada Perpetua. Kisha akahama.

Mimi wiki hiyo nilikuwa hapa kwenye mafunzo mafupi. Akanipigia nimpelekee rasimu. Akanipa anwani, mtaa wa majumba meupe yenye nguzo mlangoni. Nikabonyeza kengele. Aliyefungua ni mwenye kampuni ya miwa. Nilimjua, siku zote nne alikaa safu ya mbele mahakamani. Alivaa ndala. Alinikaribisha kwa jina langu. Jaji alikuwa sebuleni, mguu juu ya kiti, gazeti mkononi.

Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

Tuliporudi ikaja fomu ya tamko. Kila jaji akisafiri lazima aeleze alikwenda wapi na nani alikuwa mwenyeji wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikijaza. Akaniambia, andika kwa mpwa wangu, Barking. Nikaandika. Akatia sahihi. Chini yake pana mstari wa msaidizi aliyehakiki. Nikatia sahihi na mimi.

Hukumu ikatoka baada ya wiki sita. Watatu kwa wawili. Ya wale watatu aliiandika Jaji Elikana. Kampuni ikashinda, na mwaka haukuisha kabla matrekta hayajaingia Lwesa.

Mwaka uliofuata akaniandikia barua ya sifa, nikapata nafasi ya kusoma hapa. Nikaja na Neema akiwa na miaka minane. Sikurudi.

Jumamosi, 17 Januari

Barking. Dada Perpetua ndiye aliyeniita. Nimekwenda peke yangu, Neema ana mitihani.

Na yeye ameandikiwa na Tume. Atasema Jaji alilala kwake. Alikuwa anakata vitunguu, hakuinua uso.

"Si uongo. Alilala kwangu."

"Siku tatu, dada."

"Alilala kwangu."

Sikubishana. Mimi na Neema tulilala sebuleni kwake miezi mitano tulipofika. Aliacha kuangalia taarifa ya habari jioni ili mtoto apate usingizi. Alinitafutia kazi hii. Alinionyesha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuumia mgongo. Nesi hodari, mtu mwema. Sina wa kumlinganisha naye katika mji huu.

Akasema jambo moja ambalo ni kweli tupu. Tume hii haikuundwa kwa ajili ya Lwesa. Waliokuwa wanajua wamejua siku zote, na hakuna aliyejali. Ila mwaka jana Jaji aliifuta amri ya serikali ya kuyafungia magazeti, na mara ghafla ikaibuka picha ya zamani, Jaji akitoka kwenye ile nyumba nyeupe ya mwenye kampuni, akichechemea. Wanaoitaka kazi yake ndio wanaonitaka mimi.

"Utawapa kisu wale?" akaniuliza.

Nimerudi nyumbani. Pilau alinifungia, sijaila.

Jumanne, 20 Januari

Nimeisoma tena hukumu ya Lwesa, ndani ya basi, kwenye simu. Kurasa zote. Ni nzuri. Hoja imesimama, sheria imenukuliwa sawasawa, hakuna mahali amepindisha. Nilitaka niione imeoza. Ingekuwa rahisi zaidi.

Nina hasira naye. Mtu mwenye akili ile alihitaji kitanda cha mwenye kesi kwa ajili gani?

Alhamisi, 22 Januari

Mlango umegongwa saa tisa mchana. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, koti la kazini, viatu vizito vyenye chuma mbele. Jina lake Daudi. Anafanya kazi ghalani Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Ametoka shifti ya asubuhi, amevuka mji mzima kuja Edmonton. Magazeti ya nyumbani yamechapisha majina ya mashahidi, na mtu wa kanisani akampa anwani yangu.

Ni mtu wa Lwesa.

Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, akaeleza taratibu kama anayesoma. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima kidogo, ya pili kuangushwa. Mama yake aligoma kutoka, wakamtoa na kiti alichokikalia. Kaburi la baba yake sasa limo ndani ya miwa, na walinzi hawaruhusu mtu kuingia. Mama anaishi kwa dada yake mjini, katika chumba kisicho na dirisha.

Nilingoja aniombe. Nilikwisha tayarisha maneno ya kukwepa, ya kisheria, mazuri.

"Sikuja kukuomba useme lolote, dada," akasema. "Mama aliniambia, kama uko mji mmoja na huyo mtu, nenda ukamtazame. Basi nimekuja kukutazama."

Akanitazama. Akaaga. Hakunywa hata maji.

Nimekaa jikoni mpaka Neema aliporudi shule. Aibu. Sina neno jingine.

Jumapili, 25 Januari

Kanisani Barking. Mchungaji ameombea mtumishi wa Mungu anayesingiziwa huko nyumbani, na wote wanaojaribiwa kutumiwa na adui. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Vichwa viwili vitatu viligeuka. Dada Perpetua alikuwa safu ya mbele yangu, bega lake halikusogea.

Ndani ya treni Neema akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, ni uongo gani huo watu wanaousema. Nikamjibu nitakueleza baadaye. Akasema baadaye ndiyo jibu langu la kila kitu. Akavaa visikilizio vyake. Kweli kasema.

Jumatano, 28 Januari

Jaji amenipigia.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nangoja muda wa Bi. Jean ufike. Namba ya nyumbani. Nikajua kabla sijapokea.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Neema hajambo?"

Sauti imezeeka. Aliuliza Neema anasoma masomo gani, aliuliza kama hali ya hewa ni mbaya. Hakuwa na haraka. Nikaona nimekaa wima, magoti pamoja, kama nipo ofisini kwake.

Kisha akasema, "Sikuiuza ile hukumu, Salome."

"Najua."

"Ningeiandika vilevile hata kama ningelala stesheni."

"Najua, Mheshimiwa."

"Sasa?"

Nikamwambia watu wa Lwesa hawajui. Mimi najua kwa sababu nilikuwa ofisini kwake miaka tisa, niliona anavyofanya kazi. Wao walimwona siku nne tu, kwa mbali, amevaa joho. Watajuaje?

Nikasikia mtu nyuma yake akiuliza kama chai iletwe, naye akasema bado.

Akasema wakimwangusha yeye wataweka mtu wao, na huyo atakuwa anapiga simu ikulu kabla ya kusoma jalada. Ni kweli. Sikupinga. Akasema yule bwana wa miwa alisoma naye tangu wakiwa watoto, urafiki wao ni wa zamani kuliko kesi. Hilo sikulijua. Miaka tisa, sikulijua. Liliniuma zaidi ya nilivyotarajia.

Mwisho akasema, "Utajiumiza na wewe, unajua."

Sikuona kama ni tisho. Nilidhani ananionea huruma. Sasa naandika, sina hakika.

Ijumaa, 30 Januari

Alichomaanisha ni hiki. Nimefaulu mitihani ya uwakili ya hapa. Miaka sita, nikisoma kwenye mabasi, kwenye ngazi za watu, kwenye foleni. Imebaki fomu ya mwisho ya kuomba kuandikishwa. Kuna kipengele kinachouliza kama umewahi kutoa taarifa ya uongo katika hati rasmi. Tangu Novemba fomu imo kwenye droo, kila kitu nimejaza isipokuwa hapo.

Nikisema mbele ya Tume, jibu la kipengele kile linajulikana na dunia nzima. Nisiposema, naweza kuandika hapana, na hakuna atakayejua. Nitakuwa wakili. Nitavua sare hii.

Nimelifikiria hilo la pili kwa siku mbili nzima. Nakiri. Nilikuwa nimeanza hata kulizoea.

Leo alasiri nimemweleza Neema yote, kwa Kiswahili, pole pole, bila kuruka kitu. Alisikiliza. Nilidhani atauliza kuhusu Jaji. Akauliza, kwa Kiingereza, kwa nini nilitia sahihi.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Hata mimi sikujiuliza. Nilitafuta sababu nzuri, nikakosa. Nikamwambia nilitia sahihi kwa sababu aliniambia.

Akauliza kama ni hilo tu.

Ndiyo. Ni hilo tu.

Ameingia chumbani kwake. Nimewajibu Tume. Nitasema.

Jumanne, 10 Februari

Imekwisha.

Saa moja asubuhi hapa, saa nne kule. Nimekaa jikoni, laptopu juu ya vitabu vya Neema ili isinionyeshe kidevu. Nilivaa gauni la bluu la mahakamani, limenibana. Nimeapa kwa Biblia ya mama.

Ukumbi umejaa. Jaji alikuwa nyuma ya wakili wake, mdogo sana kwenye kioo, suti ya kijivu. Nilikuwa nimejiambia nisimtazame. Nilimtazama muda wote.

Wakili wa Tume ni mwanamke, Bi. Zuhura, mkali lakini hana kelele. Alinipitisha hatua kwa hatua. Anwani. Kengele. Nani alifungua. Alivaa nini. Nikasema ndala, watu wakacheka ukumbini, mwenyekiti akawanyamazisha. Kisha akaonyesha fomu.

"Nani aliyeijaza?"

"Mimi."

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua."

Nilitegemea kitu kitokee ndani yangu. Wepesi, au mzigo kutua. Hakikutokea kitu. Jokofu lilikuwa linanguruma.

Kisha wakili wa Jaji. Mzee mpole. Akaniuliza kama nimewahi kuona au kusikia Jaji akipewa au akiahidiwa kitu chochote. Nikasema hapana. Akaniuliza kama, kwa ninavyomjua, hukumu ile ilinunuliwa. Nikasema hapana, haikununuliwa, na sheria iliyoandikwa mle ni sheria. Bi. Zuhura akainamisha kichwa. Hakulitaka hilo. Wakili wa Jaji akashukuru, akakaa, anatabasamu.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Bibi, kama hukumu ilikuwa safi, umekuja kutuambia nini hapa?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Aliyeshindwa ana haki ya kujua jaji wake alilala kwa nani. Walipaswa kuambiwa mapema, wao waamue kama wanamwamini au hawamwamini. Sisi tuliwaamulia."

Nilisema sisi. Sikusema yeye.

Jaji aliangalia mikono yake. Picha ikakatika, wakarudi, wakanishukuru, basi. Saa mbili na nusu nilikuwa ndani ya basi. Nimechelewa kwa Bwana Harold dakika arobaini. Ameniuliza kama mvua inanyesha. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa inanyesha kweli.

Jumatano, 11 Februari

Magazeti ya nyumbani. Moja: shahidi asema hukumu haikununuliwa. La pili: shahidi akiri alidanganya. Yote mawili kweli, picha ile ile, mdomo wangu wazi.

Meseji zimejaa. Msaliti. Shujaa. Kuna aliyeandika nimepewa uraia ili niseme. Yaliyonichafua zaidi si matusi. Mbunge mmoja, adui mkubwa wa Jaji, amesimama bungeni kunisifu, eti mwanamke jasiri. Mtu yule ndiye aliyepiga kelele za kutaka magazeti yafungiwe. Nimeoga mara mbili.

Jumapili, 15 Februari

Dada Perpetua alitoa ushahidi juzi. Amesema Jaji alilala kwake wiki zote mbili. Kwa kiapo. Bi. Zuhura akamuuliza alilala chumba gani, akajibu. Akamuuliza tarehe aliyoondoka, akajibu bila kusita. Nilimtazama kwenye simu nikiwa kituoni nangoja basi. Sikumchukia. Nilimwona mtu anayempenda mjomba wake.

Leo sikwenda kanisani. Saa nane mchana akaja yeye. Hakupita ndani. Alibeba mfuko wenye blanketi la Neema na sufuria yetu ndogo, vitu tulivyovisahau kwake tulipohama. Ameviweka kizingitini.

"Mimi nilikupa mahali pa kulala," akasema.

"Ulinipa, dada."

"Na hukuniuliza kama nina kesi au sina."

Akashuka ngazi. Nilitaka kumwambia kwamba mimi sikuwa jaji wake. Kwamba hapo ndipo tofauti yote ilipo. Lakini hilo ni jambo la kuandika, si la kumwambia mtu uliyelala sebuleni kwake.

Nimelia bafuni, maji yakiwa yanatiririka. Neema amegonga, akauliza kama nataka chai. Nikasema sitaki.

Ijumaa, 27 Februari

Jaji amejiuzulu. Barua ya mistari miwili, nimeisoma gazetini. Anaitakia mahakama heri.

Na kwa kuwa hakuna jaji, hakuna Tume. Mwenyekiti ametangaza kazi imefikia tamati, ripoti haitaandikwa. Kilichosemwa kimesemwa, lakini hakuna mtu atakayeandika rasmi kwamba kilikuwa kosa. Hukumu ya Lwesa imebaki palepale. Miwa imebaki palepale.

Anayetajwa kushika nafasi yake ni wakili wa serikali. Kila mtu anajua atatumikia nani. Kwenye simu watu wanataniana, eti sasa majaji watalala ikulu moja kwa moja, hakuna haja ya kusafiri London. Nilicheka. Kisha nikaona aibu ya kucheka.

Kwa hiyo nimefanya nini? Nimemwangusha mtu aliyenilea. Nimempoteza rafiki. Nimewapa watu wabaya walichokitaka. Na kaburi la baba yake Daudi bado limo ndani ya miwa.

Daudi ameandika: mama amesikia redioni. Hilo tu.

Jumatano, 4 Machi

Siku ya kuzaliwa ya Jaji. Miaka yote nampigia asubuhi. Nilishika simu kwenye ngazi za Bi. Jean.

Sikupiga.

Jumatatu, 16 Machi

Barua ya wanaosimamia mawakili wa hapa. Nilikuwa nimeituma ile fomu baada ya ushahidi, kipengele nimejaza ndiyo, na maelezo ukurasa mzima. Wanasema ombi langu limewekwa kando hadi watakapolichunguza. Huenda likachukua mwaka. Huenda likakataliwa. Lugha ya adabu sana. Ningeiandika hivyo hivyo mimi.

Nimeisoma mara moja, nimeirudisha kwenye bahasha. Neema amesoma juu ya bega langu. Akanikumbatia kwa nyuma. Amekuwa mrefu kuliko mimi, sikuwa nimetambua.

Nasikitika sana. Nilikuwa nimekwisha chagua viatu vya siku ya kuandikishwa.

Jumapili, 29 Machi

Saa zimesogezwa mbele, kama kila Machi hapa, tumepoteza saa moja. Wengine kanisani, mimi nimefua.

Mchana Daudi amekuja. Safari hii aliketi. Alisema mama yake anataka kuzungumza nami, kama niko tayari. Nikasema niko tayari, ingawa sikuwa tayari. Akapiga kwa video.

Mama mzee, kitambaa cheupe kichwani, ameishika simu karibu mno, naona jicho moja na paji la uso. Nikamwamkia. Akaitikia. Hakupoteza muda.

"Wewe ndiye uliyejaza ile karatasi?"

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe."

Hakusema amesamehe. Wala hakusema hajasamehe. Akauliza kama kesi yao inaweza kusikilizwa tena. Nikamweleza kadiri nilivyoweza bila maneno ya kiwakili. Wanaweza kuiomba mahakama iitazame upya hukumu yake, kwa sababu mmoja wa majaji alipaswa kukaa kando na hakukaa. Ushahidi upo, ulitolewa kwa kiapo. Si lazima washinde. Wanaweza kusikilizwa upya na kushindwa tena.

"Mahakama ile ile?"

"Ile ile. Majaji wengine."

"Na hao wanalala wapi?"

Daudi akataka kuingilia, akadhani mama hajaelewa. Ameelewa kuliko sisi wote.

"Sijui, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa. Jicho likatoka kwenye kioo, likarudi.

"Basi safari hii tutawauliza kabla hawajaanza."

Akataka kujua atayarishe nini. Nikamwambia mimi si wakili, na huenda nisiwe. Akasema hakuniuliza hilo. Nikachukua karatasi. Hati zao za zamani, za kabla ya kampuni. Majina ya kila nyumba iliyovunjwa na nani aliishi humo. Nani bado hai. Makaburi yako wapi, ya nani. Namna ya kupata maneno ya ushahidi wangu kutoka Tume kabla hayajafungiwa stoo. Wakili wa kutia sahihi lazima awe wa kule, nimempa majina matatu ya watu niliowaona wakifanya kazi bila woga. Nimeandika kurasa mbili, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyasoma. Kila sentensi nilimsomea, na mbili akanirudishia nizinyooshe, hazikumwingia.

Neema amezichapa. Mara mbili aliuliza neno la Kiswahili linaandikwaje.

Daudi ameondoka saa kumi na mbili, nje bado kweupe. Nimeanika sare dirishani. Kesho naanza kwa Bwana Harold.